Mama Mkwe Pembeni mwa Picha

Kwenye kibao cha studio yake pale Mkolani aliandikwa Yeremia Mayala, Mpiga Picha. Kanisani walimwita Baba Elias. Lakini wapiga picha wenzake wa Mwanza walimwita Makasi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila akionyeshwa picha ya mtu, hata miwani hajavaa, alikuwa ameshaanza: kata hapa, kata pale, huyu wa pembeni anatafuta nini, mbona mti umeota kichwani mwa bwana harusi. Alikata picha za watu kwa mdomo mpaka nyingine zikabaki ukubwa wa stempu.

Ukataji huo ulifanyika kwenye kikao chao. Jumapili moja ya kila mwezi, baada ya ibada, wapiga picha wachache walikutana uani kwa Dorotea, mwalimu aliyeacha chaki akaingia kwenye picha za harusi na kipaimara. Uani palikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Siku hiyo nguo zilianuliwa, zikabanwa picha kwa vibanio, zote nyeusi na nyeupe, zote bila jina. Sharti la nyeusi na nyeupe lilikuwa la Dorotea. Alisema rangi ni kama pilipili, inamfichia aibu mpishi mbaya. Sharti lingine lilikuwa gumu zaidi: mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo mpaka wenzake wamalize kuichambua. Anakaa, anasikia, anameza. Mwisho anaweza kujitaja na kujibu, na asipotaka anainyofoa picha yake wakati wa chai na kwenda nayo nyumbani.

Makasi alilipenda sana sharti hilo lilipowafunga wengine. Mwaka uliopita Oluoch, Mjaluo wa Rorya anayezunguka mialo yote ya ziwa, kule wavuvi wanakoshusha samaki, na kamera shingoni, alitundika picha ya akina mama wakianika dagaa mchangani. Makasi akaitazama, akasema, "Hapa kuna akina mama, kuna dagaa, kuna kunguru, kuna mtumbwi, kuna na mbwa. Ndugu yangu, ulitaka kupiga picha au ulitaka kuhesabu mali ya ziwa?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Oluoch naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Haya, mkuki kwa nguruwe mtamu.

Mwezi wa sita mwaka huu Makasi alikwenda na mkewe Evelina kwao Magu, wakati wa kuvuna pamba. Huko ndiko anakoishi mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima kinamwita Ng'wana Chenge, yaani binti wa Chenge, ingawa Chenge mwenyewe alikwisha kuzikwa zamani. Na hapa msomaji lazima aelezwe jambo, maana vijana wa siku hizi wanaocheza muziki na mama wakwe zao ukumbini hawalijui. Katika kaya ile ukwe ulishikwa kwa desturi ya zamani. Mkwe wa kiume haingii nyumbani kwa mama mkwe. Hali chakula mahali mama alipo. Wakikutana njiani anaingia majanini na kuangalia chini mpaka mama apite. Wakiwa na neno la kuambiana, linapita kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wanasikia vizuri. Kwa miaka yote ya ndoa yake Makasi alimjua mama mkwe wake kwa kanga, kwa kikohozi na kwa nyayo. Uso wake hakuwahi kuutazama sawasawa, na sauti yake haikuwahi kumwelekea yeye.

Wala hakuona ubaya. Alilelewa hivyo, na mtu mwenye mdomo kama wake alihitaji angalau mahali pamoja pa kunyamaza.

Asubuhi moja aliambiwa mama amekwenda kisimani. Akatulia penye zizi la ng'ombe, mahali pake pa siku zote, akiwa na kamera. Mbele yake uani palikuwa na pamba imemwagwa juu ya turubai, kilima kizima, na jua la mapema lilikuwa linaigusa ubavuni. Kushoto pamba ilijaa, kulia kulikuwa na nguzo ya baraza na giza la mlango. Akafumba jicho moja, lingine akaliweka kamerani. Mpiga picha akishafanya hivyo hayuko tena duniani. Anaona mwanga na kivuli tu.

Kumbe mama hakwenda kisimani. Alitoka mlangoni akiwa ameinama na ungo mkononi, akasimama kando ya nguzo, akachota pamba. Kichwani hakuwa na kitambaa. Nywele zake, nyeupe tupu, zilishika jua vilevile kama pamba ilivyolishika, na kati ya weupe huu na ule palikuwa na ua mtupu wenye kivuli. Kidole cha Makasi kilibonyeza. Akili ilifika baadaye, kama askari wa kijiji. Alipotambua ni nani aliyemo ndani ya kamera, aliishusha upesi. Akajibanza nyuma ya zizi mpaka aliposikia mlango unafungwa.

Alirudi Mkolani na picha hiyo kama mtu aliyebeba nyoka mfukoni. Akaifungua kwenye kompyuta studioni akiwa peke yake. Ilikuwa na ndoo ya plastiki ya buluu iliyovuta macho yote. Akaitoa rangi, ndoo ikatulia ikawa kijivu, na hapo picha ikasimama. Pamba na nywele zikaanza kuitana kutoka pembe hadi pembe. Makasi alikwisha kupiga maelfu ya pasipoti saizi, maharusi wasio na idadi na mahafali ya shule zote za Nyamagana, na alijua bila kuambiwa na mtu kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kama hii. Na alijua pia kwamba ni picha ya mama mkwe, kichwa wazi, iliyochukuliwa na mkwe aliyejificha. Mama akisikia na akaona amevunjiwa heshima, Evelina angekuwa katikati ya mume na mama, na kaya ile isingempokea Makasi tena. Kuifuta hakuweza. Kumwambia mkewe hakuweza. Akakonda kidogo.

Sasa mtu wa namna hiyo angeificha picha, sivyo? Lakini fundi ni fundi. Alitamani hata mtu mmoja tu aione. Akajidanganya kwamba uani kwa Dorotea hakuna anayemjua Ng'wana Chenge, na picha hazina majina. Akaisafisha kwa ukubwa mzuri, Jumapili ikafika, akaibana kambani watu walipokuwa wakimimina chai.

Ilipofika zamu ya picha ile, alianza Masele, kijana anayerusha droni kwenye harusi. "Mimi ningekata kushoto kote," alisema. "Pamba imekula nusu ya picha. Huyu bibi ndiye habari yenyewe, halafu kasukumwa pembeni kama amechelewa kufika."

Makasi alimeza, kama sharti linavyotaka. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, aliyafundisha yeye.

"Ukikata kushoto unaua," Dorotea akasema. Alikuwa amesogea karibu na picha, mikono mgongoni kama siku za ualimu. "Tazama nywele na pamba. Zinaongea. Ukiondoa pamba, bibi anaongea na nani? Mimi tatizo langu ni nguzo. Imemkata bega na nusu ya uso. Jicho langu linaingia kwenye pamba, linavuka ua vizuri, linafika kwa mama, linagonga nguzo. Hatua mbili tu kulia, nguzo ingempisha."

Hatua mbili kulia angekuwa nje ya zizi, mbele ya mama mkwe, mchana kweupe. Makasi aliangalia viatu vyake.

Oluoch hakuwa na haraka. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini. "Mnazungumza nguzo," alisema. "Mimi namzungumza aliyeshika kamera. Huyu mtu alikuwa anaogopa. Tazameni alivyosimama mbali, chini chini, nguzo kaifanya ngao. Mama hajui kama anapigwa. Jamani, mimi kwenye mialo nimeona picha za namna hii nyingi. Picha hii imeibwa."

"Haikuibwa," Makasi akasema.

Masele aligeuka, Dorotea aligeuka, na Oluoch akatabasamu polepole kama mtu ambaye ndoano yake imeshika.

"Kumbe ni ya Makasi," alisema. "Sharti linasemaje, mwalimu?"

"Linasema anyamaze," Dorotea akajibu. "Lakini ameshaanza, amalize."

Basi akamaliza. Mwanzoni alijitetea, akasema mwanga ulikuwa unakimbia, nafasi ilikuwa moja. Halafu sauti ikamshuka. Akawaambia ni mama yake Evelina. Masele, ambaye ni Msukuma wa mjini, alisema tu, "Mama mkwe, basi?" akitaka kucheka. Oluoch hakucheka. Lile tabasamu lilimtoka usoni.

"Na kitambaa hana," akasema.

"Hana."

"Kwetu pia hilo si dogo," Oluoch akasema. "Mama mkwe wangu nikisikia kikohozi chake tu nazunguka nyumba. Samahani, ndugu. Nilikuwa nalipiza dagaa wangu."

Makasi alishangaa kuona kwamba samahani ile ilimuuma kuliko ukosoaji wote. Akasema naye anaomba radhi kwa ajili ya mbwa na kunguru, na kwamba, kusema kweli, yule mbwa alikuwa amekaa mahali pazuri. Watu wakacheka kidogo, kwa kupumua zaidi kuliko kwa furaha.

Dorotea ndiye aliyerudi kwenye jambo. "Mama ameiona?"

"Hajaiona. Hata Evelina hajui."

"Basi sisi hapa tunapoteza muda. Tunakosoa picha ambayo mwenyewe hajaiona. Ipeleke, Baba Elias. Mficha uchi hazai." Akainyofoa picha kambani, akamkabidhi. Hakuwahi kumwita Baba Elias kabla ya siku ile.

Jioni hiyohiyo Makasi aliiweka picha mezani mbele ya Evelina. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Evelina hakupiga kelele. Aliitazama, akavuta taa karibu, akaitazama tena.

"Kichwa wazi," alisema.

"Nilibonyeza kabla sijajua ni yeye."

"Umekaa nayo tangu mwezi wa sita?"

"Niliogopa."

Evelina aligusa alama ya kibanio kwenye ukingo wa karatasi. "Na uani kwa Dorotea umeipeleka." Hapo ndipo Makasi alipoona kosa lake kwa ukubwa wake. Wageni walimchambua mama yule kama kitambaa cha dukani, yeye hajui, na binti yake hajui. Alitaka kusema picha haikuwa na jina, akaona aibu kulisema. Evelina aliigeuza picha kifudifudi. "Twende Magu. Mimi sitakusemea. Nitapeleka maneno yako tu, kama yalivyo."

Walikwenda Jumamosi. Kisesa walisimama Evelina akanunua mkate wa mama, na muda wote huo hakumsemesha mumewe ila kumwambia ashike mfuko. Makasi alifika kwenye ile kaya akiwa amevaa shati la harusi, akaenda moja kwa moja penye zizi, akakaa juu ya gogo, mgongo wake ukiielekea nyumba. Evelina aliingia ndani na bahasha.

Kusubiri kule kulikuwa adhabu tupu. Ng'ombe walikuwa malishoni, zizi lilikuwa tupu, na kila kuku aliyepita Makasi alidhani ni hukumu inakuja. Aliwaza namna atakavyowaelezea watoto kwa nini baba haendi tena kwa bibi. Akajilaani yeye, akailaani kamera, hata pamba akailaani, nayo ilikuwa imeshauzwa.

Mlango ukafunguliwa. Nyayo mbili, za Evelina na zile nyingine alizozijua, zikafika barazani zikakoma.

"Anauliza ulikuwa umesimama wapi," Evelina akasema.

"Hapahapa zizini," Makasi akajibu bila kugeuka. "Mwambie niliambiwa yuko kisimani."

Mama aliyasikia yote, bila shaka, lakini Evelina akamrudia neno kwa neno, na mama akanong'ona.

"Anauliza kama ulimwona kichwa."

"Mwambie nilimwona baada ya kubonyeza. Mwambie nilijificha. Na mwambie picha nimewaonyesha watu watatu Mwanza kabla yake, na hilo ndilo kosa kubwa. Naomba anisamehe. Akitaka nitaichoma na ndani ya kamera nitaifuta."

Makasi alisikia karatasi inageuzwa. Halafu, katika minong'ono ile, akasikia kitu ambacho hakukitegemea, mama anacheka puani.

"Anasema," Evelina akaanza, na sauti yake ilikuwa imelegea, "anasema hakujua kama nywele zimekuwa nyeupe hivi. Kioo chake ni kidogo, kinaonyesha meno tu. Anauliza hao watu watatu walisema nini."

"Mwambie mmoja alisema nikate pamba. Mmoja alisema nguzo imemharibu."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu alisema niliogopa, na kwamba picha nimeiiba."

Safari hii Evelina hakupata nafasi ya kurudia neno. Mama alilidaka kabla halijafika.

"Huyo wa tatu ana akili," Ng'wana Chenge akasema.

Alilisema kwa sauti yake yote, na lilikuwa linamwendea Makasi. Evelina alishika mdomo. Makasi alibaki kwenye gogo, mgongo wima, asijue kama kugeuka ni adabu au ni matusi.

"Baba Elias," mama akaendelea, "mimi nimezika mume, nimezika ndugu, wajukuu zangu wana ndevu. Ukwe tumeulinda mimi na wewe, hakuna aliyetucheka. Lakini nilijua siku moja mmoja wetu atatangulia, na mwingine atalia msibani kwa mtu asiyemjua uso. Nilikuwa nangoja nani ataanza. Wewe umeanza vibaya, lakini umeanza. Geuka."

Makasi akageuka. Macho yalikataa kupanda, yakaishia kwenye pindo la kanga.

"Ile ya kichwa wazi itakaa chumbani kwangu. Uliichukua mwenyewe, nami nimeichukua. Kwenye mashine yako uifute mbele ya Evelina."

Makasi akaitoa kamera begini, akaifuta picha pale pale mkewe akitazama. Nyingine iliyokuwa kwenye kompyuta akaahidi kuifuta wakifika nyumbani, na akaifuta kweli. Ilikuwa picha bora ya maisha yake na hakusikia uchungu. Alisikia mzigo wa wiki zote zile unashuka kutoka mabegani, akavuta pumzi hadi tumboni kama mtu aliyetoka kupiga mbizi.

Mama alikwisha ingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa kipya chenye maua, na kigoda amekibeba mwenyewe. Alikiweka katikati ya ua, mbali na nguzo, akakaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

"Sasa hii nakupa," alisema. "Njoo karibu. Zaidi. Mimi siumi."

Makasi alisogea mpaka mahali ambapo hakuwahi kufika tangu aoe. Akainua kamera, akafumba jicho moja, na kwa mara ya kwanza akautazama uso wa mama mkwe wake. Miaka yote amekuwa akiwaambia watu kwamba Evelina macho yake makali ameyatoa kwa baba. Hayakutoka kwa baba. Yalikuwa haya hapa, yanamtazama kupitia lenzi, yanasubiri aache kuzubaa.

Hakutafuta nguzo wala pamba. Alimweka katikati kabisa, sawa na pasipoti saizi, mahali ambapo mpiga picha mwingine angemweka mtu, Makasi angemtoa jasho uani kwa Dorotea. Akabonyeza. Akabonyeza tena, maana machozi yalikuwa yamemfanya asione vizuri.

"Nionyeshe," Ng'wana Chenge akasema.

Akamwendea, akachuchumaa kando ya kigoda, bega lake likigusa kanga ya mama, akainamisha kamera ili jua lisizuie. Mama alitazama kwa muda, kichwa upande.

"Miguu umekata," alisema. "Rudia."

"Ndiyo, mama," Makasi akasema, akarudi nyuma hatua moja.